Mjomba Pasi na Marehemu wa Ukutani

Mjomba wangu anaitwa Pasi, na hajawahi kunyoosha shati lake hata moja. Jina alilipata kwa sababu ya nyuso za watu. Mpelekee picha yako yenye makunyanzi, anakunyoosha. Una chunusi, anazifuta. Jino limekuhama, analirudisha, na usipokuwa mwangalifu anakuongezea na la akiba. Watu wengi wa mtaani kwetu wanapendeza zaidi ukutani kuliko njiani, na lawama zote ni zake.

Alianza enzi zile za picha za karatasi, akifanya kazi kwa brashi nyembamba kama kope. Kompyuta zilipoingia, wenzake walitimua mbio. Yeye aliketi mbele ya ile ya kwanza, akaitazama kama mtu anavyomtazama mkwe mpya, akasema, "Tutazoeana." Wakazoeana. Tatizo lake ni kwamba mkono wake haujui kusimama. Kuna bwana harusi mmoja alizaliwa na baka shavuni, baka ambalo ukoo mzima wanalo na wanajivunia. Mjomba akalifuta. Picha ilipofika nyumbani, nyanya yake bwana harusi aliishika mkononi muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu kijana aliyeoa namwona. Mjukuu wangu mmempeleka wapi?"

Siku hizi studio yake ya picha inaendeshwa na binti yake, binamu yangu, ambaye sote tunamwita Bosi, yeye mwenyewe akiwemo. Ni mchapakazi kwelikweli. Amenunua programu inayosafisha uso kabla mwenye uso hajamaliza kupiga chafya. Mimi kazi yangu ni kubandika picha kubwa, zile za kufunika ukuta mzima, madukani na maofisini. Kabla ya hapa nimefukuzwa kazi sehemu nyingi hivi kwamba nikisikia mkubwa anaanza maneno kwa "unajua tunakupenda," naanza kutafuta begi langu.

Sasa asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, Bosi akaweka kikombe chini.

"Baba, unajua tunakupenda."

Nikamtazama Mjomba kwa huruma. Nilitaka kumsaidia kufunga begi.

"Macho yako yamechoka, Baba. Ni wakati upumzike nyumbani."

"Macho yangu? Yapi? Haya?"

"Jana umemsalimia yule mrembo wa kadibodi pale mlangoni."

"Nilikuwa natania."

"Ulimkaribisha chai, Baba. Halafu ukalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaitikii."

Hapo nilizama ndani ya kikombe changu, maana kicheko kilishafika puani. Mjomba hakucheka. Jirani yake wa nyumba ya pili alistaafu akiwa mzima wa afya, na sasa kutwa yuko kibarazani anatazama magari yanayopita, na jioni anamsimulia Mjomba rangi zake. Mjomba huwa anasema kifo hakimtishi; kinachomtisha ni kile kibaraza.

"Nipe kazi moja," akamwambia binti yake. "Ile ya ukuta wa nyota. Niisafishe mimi, siyo hiyo programu yako. Mteja akilalamika hata neno moja, naenda nyumbani na sitasema kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu."

"Na mimi ni shahidi," nikasema, nikajuta papo hapo, kwa sababu kati ya binamu na mjomba, shahidi ndiye wa kwanza kuumia.

Kazi yenyewe ilikuwa imeletwa na mwalimu wa chuo, mama mmoja mfupi, mchangamfu, anayetembea kama amechelewa na anaongea kama amewahi. Chuo chao kilikuwa kinafungua ukumbi wa mambo ya anga, na ukuta wa mbele ulitakiwa kubeba picha moja kubwa: nebula ya sayari, wingu la gesi linaloachwa na nyota inapokufa. Alitufungulia picha kwenye kompyuta na sote tukaisogelea. Fikiria jicho. Pembeni wekundu wa kaa la moto, ndani kijani kinachoelekea samawati, na katikati uwazi mwororo kama ndani ya kombe la pwani. Nyuma yake nyota zimetapakaa.

"Ina mikwaruzo na uchafu wa kamera," Mwalimu alisema. "Naomba muisafishe vizuri."

Kumwambia Mjomba Pasi asafishe vizuri ni sawa na kumwambia paka alinde samaki kwa bidii. Lakini nani alijua?

Alifanya kazi ile kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu shangazi, mke wake, afariki. Alikuwa anaimba. Anasogelea kioo cha kompyuta mpaka pua inataka kugusa, anaguna, anafuta, anarudi nyuma kama seremala anayepima mlango. Bosi alipita mara moja, akaitazama picha, akasema, "Inaonekana safi," akaipeleka kuchapwa. Ikatoka vipande virefu vya stika, tukaviviringisha, tukavipakia.

Siku ya kubandika tulifika ukumbini mimi na Mjomba. Ufunguzi ulikuwa kesho yake, na Bosi alisema angepita mchana kukagua. Kazi ya stika ya ukutani ni kama ndoa: ukianza vibaya juu, huko chini hata ukisugua namna gani, mkunjo haukosi. Mimi nilipanda ngazi, Mjomba akashika chini, kipande baada ya kipande, nikisukuma hewa nje kwa plastiki ya kusugulia. Jicho likafunguka ukutani, kubwa kuliko lori. Hata mafundi wa umeme waliokuwa wanafunga taa waliacha nyaya wakaja kutazama.

Mwalimu akaingia. Akapiga kofi moja, akajishika kichwa, akazunguka, akarudi.

"Jamani! Jamani, mmefanya nini hapa! Hebu tazama zile kingo!"

Mjomba alinyoosha shingo kama jogoo. Mimi nikaanza kukunja karatasi za mgongo wa stika, maana mteja akishafurahi, fundi mwerevu anaondoka kabla hajatulia.

Ndipo Mwalimu akausogelea ukuta. Akasogea tena. Akatazama katikati ya jicho kwa muda, akavaa miwani, akavua, akavaa.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mwalimu?" nikauliza.

"Marehemu."

Mimi na Mjomba tukatazamana. Mafundi wa umeme wakarudi kwenye nyaya zao kwa haraka ya watu wasiotaka kuitwa polisi.

"Marehemu gani?" Mjomba akauliza kwa upole.

"Mwenye msiba huu wote! Nyota yenyewe! Kuna kinukta cheupe hapa katikati, hapa hasa. Mzee wangu, mmeniwekea msiba wa kifahari, watu wameketi, maua yapo, jeneza tupu!"

Uso wa Mjomba ukabadilika. Nimeishi naye miaka mingi, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kilikuwa chenyewe tu? Katikati? Kidogo hivi?"

"Ndiyo."

"Cheupe?"

"Ndiyo, Mzee."

Mjomba akakaa juu ya ndoo ya gundi. "Nilidhani ni chunusi."

Mwalimu hakuelewa, ikabidi mimi nieleze. Nyota za pembeni Mjomba aliziacha, kwa sababu anajua mbingu ina nyota. Lakini hapo katikati, mahali peupe na laini kama paji la uso la bibi harusi, aliona kidoa kimekaa peke yake bila adabu. Mkono ukaenda wenyewe.

"Unajua umefuta nini?" Mwalimu akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule mshangao wa mtu aliyeibiwa mlango na dirisha likaachwa. Akavuta ndoo nyingine, akakaa mbele yake. "Nyota ya wastani kama jua letu ikizeeka, inamaliza kuni zake za katikati. Inavimba, inakuwa jitu jekundu, halafu inaanza kujivua. Inapuliza gesi yake nje, tabaka kwa tabaka, taratibu."

"Hailipuki?"

"Zinazolipuka ni zile kubwa mno. Hizi zinakufa kwa adabu. Gesi inatanuka, ndiyo hii unayoiona. Katikati kinabaki kiini, kidogo, karibu ukubwa wa dunia yetu, lakini kina moto usiosemeka. Sasa sikiliza hapa, Mzee: gesi hii ingekuwa giza tupu. Inang'aa kwa sababu kile kiini kinaimulika. Hicho kijani ni oksijeni, huo wekundu mwingi ni haidrojeni, na vyote vinawaka kwa ajili yake."

"Nimefuta taa nikaacha mwanga," Mjomba akasema.

"Umesema vizuri kuliko kitabu changu."

"Na inaitwa ya sayari. Sayari iko wapi? Au nayo nimeifuta?"

Mwalimu akacheka. "Hapana, hiyo haikuwepo. Watu wa zamani walizitazama kwa darubini ndogo, wakaona kitu cha duara, wakaona kinafanana na sayari. Jina likaganda."

"Kumbe na nyinyi mnakosea."

"Tunakosea sana. Ila hatufuti."

Mjomba akakubali kwamba amefungwa bao. Akautazama ukuta. "Sasa huyu, baada ya gesi yote kutawanyika, anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Hachomi tena chochote. Anakaa palepale, anapoa polepole, mabilioni ya miaka."

"Kastaafu," Mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea simu ya msiba.

Nikaona afadhali nimweleze Mwalimu yote: yale makubaliano, lile neno moja la malalamiko, kibaraza kinachosubiri. Wakati naeleza, Mjomba alitazama viatu vyake. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwani mimi nimelalamika? Mimi nimeuliza tu marehemu yuko wapi. Swali si malalamiko."

Kuchapa upya kipande cha katikati kulikuwa na maana ya kurudi studio na kuomba mashine kwa Bosi, na Bosi angeuliza kwa nini. Mjomba akaingiza mkono mfuko wa koti na kutoa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na brashi zake za zamani na kichupa cha rangi nyeupe. Sikujua kwamba bado anatembea nazo. Wengine hutembea na picha za wajukuu.

"Nishikie ngazi," akaniambia.

"Mjomba, wewe panda, lakini ukianguka mimi nitasema nilikuwa chooni."

Akapanda. Mwalimu alifungua picha ya asili kwenye kompyuta yake ya mkononi, akawa anamwelekeza: juu kidogo, kulia, basi, hapo. Mjomba alibana pumzi. Brashi ikagusa mara moja tu, ikaondoka, na jicho lote lile la gesi likapata mboni. Sijui nieleze vipi. Kilikuwa kinukta kidogo kama punje ya mtama, lakini ukuta uliokuwa umelala uliamka.

"Karibu tena, marehemu," Mwalimu akasema.

Alituahidi kunyamaza, mimi nikaahidi kunyamaza, na mafundi wa umeme, ambao hakuna aliyewauliza, nao wakaahidi.

Bosi akaingia na viatu vyake vinavyotangaza habari kabla yake. Akasalimia, akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. Akakagua maungio ya vipande. Akapitisha kidole chini kutafuta hewa. Akarudi nyuma. Midomo yake ikalegea, na nikajua anaona kile tulichokuwa tunaona sisi.

"Baba," akasema taratibu. "Baba, hii ni safi. Kwa kweli ni safi."

Mjomba akainamisha kichwa. Kwa mtu aliyeshinda, alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kokwa.

"Isipokuwa," Bosi akasema.

Akapanda ngazi.

"Unaona, Baba? Ndiyo haya ninayosema kila siku. Umeacha kidoa, tena katikati kabisa, mbele ya macho ya watu wote. Macho, Baba, macho! Wala siyo dhambi, ni umri." Na huku anasema, ameshalowesha kidole gumba kwa mate.

"Usiguse!" Mwalimu akapiga kelele.

"Usiguse!" nikapiga mimi.

"Dada, usiguse!" wakapiga mafundi wa umeme, wale walioahidi kunyamaza.

Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Kidole kilikuwa kimeshapita. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikafutika moja kwa moja, na Bosi akageuka kutuangalia akiwa ameinua kidole chenye weupe, akitabasamu kama mtu anayetegemea ashukuriwe.

Kisha Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akaukosa, akashika bega langu.

"Hii familia," akasema alipopata pumzi, "ina ugomvi gani na nyota yangu? Imekufa mara moja huko juu, nyinyi mmeiua mara mbili!"

"Mara mbili?" Bosi akauliza.

Hapo palikuwa na upenyo. Mwalimu angeweza kusema lolote, mimi nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, umekaa vizuri hata mwenyewe nilianza kuuamini. Mjomba akanitangulia.

"Ya kwanza niliiua mimi. Nilipoisafisha. Niliona kidoa, nikafuta. Mwalimu ameikosa leo asubuhi, nimeirudisha kwa brashi, nawe umeifuta. Hayo ndiyo yaliyotokea, binti yangu. Makubaliano ni makubaliano. Nitachukua vitu vyangu jioni."

Bosi akabaki ngazini. Akatazama kidole chake, akatazama ukuta, akamtazama baba yake.

"Ulikiona kwenye kompyuta?" akauliza.

"Nilikiona."

"Kile kidogo vile?"

"Dada," nikaingilia, maana nimefukuzwa mara nyingi bila mtu wa kuniingilia, "kwenye kile kioo chetu kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi. Asiyeona angekifutaje? Wewe mwenyewe uliipitisha ile picha, ulijua kama kipo au hakipo?"

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza. Nauliza tu."

Bosi akashuka ngazi moja, akakaa juu yake. Ule ubosi ukamtoka, akabaki binti wa mtu. "Mimi siwafukuzi watu hovyo, Baba. Lakini siku ile ya mrembo wa kadibodi wateja walikuwepo. Walicheka. Hukuwaona, ulikuwa umewapa mgongo. Sikutaka waje wakucheke tena."

Mjomba akafikiri. "Na leo mbona wamenicheka hawa wote?"

"Sisi hatujacheka," fundi mmoja wa umeme akasema, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Wamenicheka," Mjomba akaendelea, "na bado niko mzima. Kuchekwa hakuui, binti yangu. Kukaa kibarazani ndiko sikuwezi. Lakini neno ni neno. Mwalimu, sema. Unalalamika au hulalamiki?"

Mwalimu akajiweka sawa, akarekebisha miwani, akakohoa kama hakimu.

"Asubuhi sikuwa na malalamiko. Sasa ninayo. Kuna mfanyakazi wa studio hii amekuja ukumbini kwangu, amepanda ngazi bila kuuliza, amefuta kiini cha nyota kwa mate. Namlalamikia huyo."

Nikatoa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Bosi akanigeukia.

"Makubaliano yalisema, mteja akilalamika, anayelalamikiwa anaenda nyumbani," nikasema. "Mimi ni shahidi. Dada, unajua tunakupenda."

Bosi alijaribu kukaza uso. Alijaribu kweli. Lakini uso ule baba yake ameunyoosha kwenye picha tangu utotoni na anajua kila mkunjo wake, na alikuwa anautazama kwa yale macho yaliyochoka, akisubiri. Mkunjo wa kwanza ukatokea pembeni mwa mdomo. Halafu akacheka, akajifunika uso kwa mkono, akajipaka rangi nyeupe puani.

"Sawa," akasema. "Sawa! Tutabaki kazini wote. Lakini Baba, kuanzia sasa usifute kitu cha mteja kabla hujauliza."

"Na wewe?"

"Na mimi, basi. Na programu nayo."

Mjomba akasimama, akachukua brashi, akaisafisha kwa ncha ya shati lake lenye mikunjo. Bosi akashuka, akampisha, kisha akamfuata mpaka kwenye ngazi na kuishika kwa mikono miwili, akanisukuma mimi pembeni. Mjomba akapanda. Akabana pumzi.

"Kushoto kidogo, Baba," Bosi akasema kutoka chini.

Brashi ikasimama hewani.

"Nani fundi hapa?"

Mwalimu akanitazama, mimi nikatazama dari.

"Wewe, Baba."

"Basi shika ngazi."